Yai, Maji na Ulezi: Jinsi Reptilia na Amfibia Wanavyozaa na Kutunza Watoto Wao

Katika madaftari mengi ya wanafunzi wa bayolojia imo sentensi moja ambayo hukaririwa mwaka hata mwaka: kwamba amfibia hutaga mayai majini, reptilia hutaga nchi kavu, na kwamba wote hao wakishataga huenda zao bila kuwajali watoto wao. Sentensi hiyo ni fupi, ni rahisi kukumbukwa, na kwa wanyama wengi ina ukweli ndani yake. Lakini mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki akiipokea yote kama ilivyo, atakuwa amefumba macho asiyaone baadhi ya mambo ya ajabu kabisa yanayotendeka katika mito, pwani na milima ya kwao. Kwetu yuko chura asiyetaga kamwe; yuko nyoka anayeatamia mayai; yuko mamba anayewabeba watoto wake kinywani; na yuko mnyama wa udongoni anayewalisha watoto ngozi ya mwili wake mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi njia hizo mbalimbali zinavyofanya kazi, na kwa nini ziko nyingi kiasi hicho. Tutaona kwamba nyuma yake kuna swali moja tu: yai litapataje maji na joto la kutosha, na ni nani atakayelipa gharama hiyo, mama au mahali alipotaga?

Yai la chura na yai la mjusi

Tuanze na yai lenyewe. Yai la chura halina ganda. Ni chembe ndogo, aghalabu nyeusi au ya kahawia, iliyozungukwa na ute mzito unaoteleza kama bamia iliyopikwa. Ute huo hulikinga yai lisiumizwe, lakini hauwezi kuyazuia maji yasitoke. Yai hilo likiachwa juani kwa muda mfupi tu hunyauka na kufa. Tena akiba ya chakula iliyomo ndani yake ni ndogo, na kwa sababu hiyo kiumbe kinachotoka huwa bado hakijakamilika. Ni kiluwiluwi, chenye mkia na matamvua ya kupumulia, ambacho hakina budi kujitafutia chakula majini mpaka kiote miguu na kupata mapafu.

Yai la mjusi, la mamba au la kasa limeundwa kwa namna nyingine. Kwanza lina ganda. Ndani ya ganda mna utando uitwao amnioni, unaofanya mfuko wa maji ambamo kiinitete huelea kana kwamba kimo katika kidimbwi chake mwenyewe. Utando mwingine, alantoisi, hupokea taka za mwili na kusaidia kupitisha hewa. Na wa tatu, koriono, huvizunguka vyote. Kiini cha njano ni kikubwa, hata mtoto hutoka yaini akiwa amekwisha kufanana na wazazi wake. Hivyo ndivyo reptilia walivyoweza kuyahama madimbwi: maji ambayo chura huyatafuta nje, wao huyaweka ndani ya yai.

Hata hivyo ganda si ukuta wa saruji. Lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupitisha oksijeni kuingia na mvuke kutoka. Mayai ya mamba na ya mjusi kafiri wa nyumbani yana ganda gumu, lakini ya nyoka wengi na ya kasa yana ganda laini kama ngozi, na hunyonya maji kutoka katika udongo. Udongo ukikauka mno, yai hunywea. Ukijaa maji, kiinitete hukosa hewa. Kwa hiyo reptilia, kama chura, hana budi kuchagua kwa uangalifu mahali pa kutagia.

Wingi wa mayai badala ya ulezi

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutaga mayai mengi na kuyaacha. Mvua kubwa zinapoanza, chura wa kawaida wa mashambani hukusanyika kwenye madimbwi na mitaro. Dume humkumbatia jike kwa nyuma, na jike anapoyatoa mayai dume huyamwagia mbegu zake papo hapo majini. Mayai ya chura huyo hutoka kama shanga nyeusi zilizotungwa katika uzi mrefu wa ute, nayo huweza kuzidi 10,000 kwa jike mmoja. Baada ya siku chache viluwiluwi hutoka.

Kati ya hao elfu kumi, karibu wote huliwa na samaki, ndege, kaa na wadudu wa majini, au hufa dimbwi linapokauka. Wakipona wawili tu wakakua na kuzaa, wazazi wamekwisha kupata wa kushika nafasi zao. Mama hakutumia nguvu yoyote katika kulea. Nguvu zake zote alizimalizia katika kuyatengeneza mayai.

Vyura wanaojenga na wanaolinda

Lakini wako vyura waliofuata njia nyingine. Katika sehemu za pwani na za bara zenye misimu mikali ya ukame anapatikana chura wa mitini ajulikanaye kwa jina la kisayansi Chiromantis xerampelina. Huyu hatagi majini. Jike hupanda tawi lililoinama juu ya dimbwi, akatoa majimaji mazito, kisha yeye pamoja na madume kadhaa huyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yakaumuka yakawa povu jeupe, kama mpishi apigavyo ute wa yai kwa uma. Mayai hutagwa ndani ya povu hilo. Nje hukauka likawa gamba, na ndani hubaki bichi. Mama huweza kushuka majini, akayanyonya maji kwa ngozi yake, na kurudi kuliongeza povu. Baada ya siku tano hivi sehemu ya chini hulainika, na viluwiluwi hudondoka mmoja mmoja katika dimbwi lililo chini yao. Kwa njia hiyo siku za kwanza, ambazo ndizo za hatari kubwa zaidi, hupita mbali na vinywa vya samaki.

Chura mwingine, mkubwa na mwenye sauti nzito, ni Pyxicephalus adspersus wa kusini na mashariki mwa Afrika. Kwa huyu mlezi ni dume. Jike hutaga mayai elfu kadhaa katika maji ya kina kifupi, ambayo hupata joto haraka na kuwakuza viluwiluwi upesi. Lakini maji hayo pia hukauka upesi. Dume hubaki hapo akilinda, na humrukia hata mnyama aliye mkubwa kumpita. Dimbwi linapoanza kukauka na viluwiluwi wakiwa bado hawana miguu, dume huchimba mfereji kwa miguu na kiwiliwili chake mpaka kwenye dimbwi kubwa lililo jirani, maji yakapita na watoto wakafuata. Mfereji huo huweza kufika mita kadhaa. Mwalimu anayefundisha kwamba chura hana ulezi angefanya vema kuutaja mfereji huu.

Kiota cha mchanga: joto na jinsia

Tuwageukie reptilia. Wengi wao hawaatamii, bali huikabidhi kazi hiyo kwa ardhi. Kenge, kwa mfano, huchimba ubavu wa kichuguu, akataga mayai yake ndani na kuondoka. Mchwa huliziba tundu kwa udongo, na mayai hubaki miezi mingi katika chumba chenye joto na unyevu usiobadilika sana. Watoto hutoka mvua zinapokilainisha kichuguu. Kenge hakulea, lakini amepata walezi bila malipo.

Kasa naye hutumia mchanga wa pwani. Katika fukwe za Mafia, na za Watamu na Lamu huko Kenya, kasa jike hupanda ufukoni usiku, huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, na hutaga mayai 100 au zaidi. Hulifukia, hutawanya mchanga ili alama isionekane, kisha hurudi baharini. Msimu mmoja huweza kutaga mara kadhaa, akiacha takriban majuma mawili kati ya mara moja na nyingine. Mayai huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60. Watoto hupanda mchanga pamoja, hutoka usiku, na huelekea upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ndio upande wa bahari. Taa kali za majengo ya ufukoni huwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa.

Liko jambo jingine ambalo macho hayalioni. Kwa binadamu jinsia ya mtoto huamuliwa na kromosomu tangu mimba inapotungwa. Kwa kasa wote, mamba wote na mijusi kadhaa, jinsia huamuliwa na joto la kiota. Jambo hilo liligunduliwa katika Afrika: mwaka 1966 mtafiti Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar nchini Senegal, alieleza kwamba mayai ya mjusi aitwaye Agama agama hutoa majike au madume kutegemea joto wanaloanguliwa. Mchanga wenye joto la nyuzi 29 hivi za Selsiasi hutoa kasa madume na majike kwa kiasi kinachokaribiana; joto likizidi hapo majike huongezeka, likipungua madume huongezeka.

Msomaji ataona mara moja hatari iliyopo. Mchanga ukizidi kupata joto, kwa sababu miti ya kivuli imekatwa au kwa sababu hali ya hewa ya dunia inabadilika, viota vitatoa majike karibu watupu. Hilo limekwisha kuonekana. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miongoni mwa kasa wachanga wanaotoka fukwe za kaskazini za Mwamba Mkuu wa Australia, 99 katika kila 100 walikuwa majike. Kwa kuwa kasa huchukua miaka zaidi ya 20 kukua, upungufu wa madume wa leo utaonekana kwa wajukuu.

Mamba jike: mlezi aliyesingiziwa

Kwa mamba wa mto Naili tunafika kwa mzazi asiyeondoka. Jike huchimba shimo katika ukingo wenye mchanga, hutaga mayai ambayo kwa kawaida ni kati ya 25 na 80, huyafukia, kisha hulala karibu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Katika muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa. Anayemwogopa zaidi ni kenge, mwizi mashuhuri wa mayai. Wahenga walisema kweli kwamba katika msafara wa mamba kenge hawakosi. Mamba akifukuzwa na watu au mashua ukingoni hata kwa muda mfupi, kenge hukifukua kiota.

Watoto wanapokaribia kutoka hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Sauti hizo huwaamsha ndugu zao ili watoke pamoja, na humwita mama aje kuchimba, kwani mchanga uliogandamana juu yao ni mzito kwa nguvu zao. Mama huwafukua, huwachukua kinywani kwa meno yaleyale yanayovunja mifupa ya nyati, na kuwapeleka majini. Yai lisilopasuka hulibingirisha taratibu kati ya ulimi na kaakaa mpaka lipasuke. Zamani watu waliomwona mamba na watoto kinywani walidhani anawala. Ilikuwa katika miaka ya 1970 ambapo uchunguzi wa makini, hasa wa Tony Pooley huko Zululand, Afrika Kusini, ulipoonyesha wazi kwamba huo ni ubebaji. Baada ya hapo mama huwalinda watoto majini kwa majuma kadhaa, na wakati mwingine zaidi.

Nyoka anayeatamia

Chatu naye hajitengi na mayai yake. Jike hutaga mayai kadhaa, mara nyingi kati ya 20 na 60, katika shimo lililoachwa na muhanga au mnyama mwingine, kisha huyazungushia mwili wake. Swali ni hili: mnyama mwenye damu baridi atatoa wapi joto la kuatamia? Utafiti wa Graham Alexander wa Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka 2018, ulijibu kwa habari za chatu wa kusini, Python natalensis, ambaye pia anaishi Tanzania na Kenya. Mama hutoka mchana na kuota jua mlangoni mwa shimo mpaka mwili wake ukafikia karibu nyuzi 40, kisha huingia na kuyakumbatia mayai, akiyapa joto alilolichota nje. Ngozi yake huwa nyeusi zaidi wakati huo, na rangi nyeusi hufyonza joto upesi. Watoto wakishatoka, hubaki karibu naye kwa muda wa majuma mawili hivi, wakilala usiku ndani ya mikunjo ya mwili wake. Miezi yote hiyo mama hali kitu.

Kubeba mayai tumboni

Kutoka kuyapa mayai joto la mwili hadi kuyabeba ndani ya mwili ni hatua moja tu, na reptilia wa aina nyingi wameipita. Kinyonga wa kawaida wa nyanda za chini hushuka mtini, huchimba shimo na kutaga. Mayai yake hukaa ardhini miezi mingi. Lakini kinyonga mwenye pembe tatu, Trioceros jacksonii, wa milima ya Kenya na wa Mlima Meru, angefanya hivyo mayai yake yangekaa katika udongo baridi yasikue vizuri. Yeye huyahifadhi tumboni, akawa anaota jua kwa ajili yao. Watoto huzaliwa kila mmoja akiwa ndani ya utando mwembamba unaonata, akaupasua na kutambaa. Wako watu wanaoamini kwamba kinyonga akizaa hupasuka tumbo akafa. Sivyo: mama hubaki mzima, naye huweza kuzaa tena.

Kifutu vilevile huzaa watoto hai. Jike mmoja aliyetoka Kenya, aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya Ulaya ya kati, alizaa watoto 156 kwa mara moja.

Mama anayeliwa ngozi

Mfano wa mwisho wa ulezi unatoka vilima vya Taita, Kenya. Huko udongoni anaishi amfibia asiye na miguu, anayefanana na mnyoo mkubwa, wa kundi liitwalo sesilia. Jina lake ni Boulengerula taitana. Mama hutaga mayai machache katika chumba kidogo cha udongo wenye unyevu na kuyazunguka. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba watoto wakishaanguliwa ngozi ya mama hunenepa na kujaa mafuta na protini. Watoto, ambao huzaliwa na meno ya namna ya pekee, huikwangua na kuila, nayo huota tena. Katika juma moja mama hupoteza takriban asilimia 14 ya uzito wake. Haya ni malipo halisi ya ulezi, nayo hufanyika katika mashamba ambamo mkulima anaweza kumkata mnyama huyo kwa jembe akidhani ni mnyoo tu.

Funzo la Kihansi

Sasa yafaa tupime faida na hasara. Mwenye mayai elfu kumi hupoteza karibu yote, lakini dimbwi moja likikauka yako mengine. Mwenye watoto wachache huwalinda vizuri, lakini mahali pake pakiharibika hana akiba.

Jamii ya vyura iitwayo Nectophrynoides haipatikani popote duniani ila Tanzania. Tangu mwaka 1905 wanasayansi walikwisha kujua kwamba katika jamii hiyo wako wanaozaa watoto hai. Mayai hutungishwa ndani ya mwili wa jike na kukua humo, na kinachozaliwa ni chura mdogo kamili. Hakuna kiluwiluwi wa kuogelea. Mwaka 1996 aligunduliwa chura mwingine wa jamii hiyo katika korongo la mto Kihansi, kando ya milima ya Udzungwa. Ni mdogo, hazidi milimita 30, na ana rangi ya manjano. Watoto wake huzaliwa wakiwa na milimita 5 hivi, nao ni wachache, aghalabu wasiozidi kumi na kitu. Aliishi katika eneo la hekta chache tu, lililoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Chura huyu hakuhitaji dimbwi, lakini alihitaji hewa yenye unyevu mchana na usiku.

Kati ya mwaka 1999 na 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, umeme ambao taifa liliuhitaji sana. Manyunyu yakapungua ghafla. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, na mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni walipungua kwa kasi, na ugonjwa wa kuvu uuao amfibia ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Waliokuwa Marekani wakaendelea kuzaana. Mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza waliachiwa tena korongoni. Kuzaa watoto hai kulimwokoa chura huyu na hatari za dimbwini, lakini kulimfunga katika korongo moja.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Mambo mengi yaliyotajwa hapa yanaweza kuchunguzwa bila vifaa vya gharama. Mvua zinapoanza, wanafunzi watafute nyuzi za mayai ya chura katika mtaro, wahesabu mayai katika sentimita 10 za uzi, wapime urefu wote na kukadiria jumla. Wachukue mayai machache tu, wayaweke katika chombo chenye maji ya dimbwi lilelile, waandike kila siku tarehe, joto la maji na mabadiliko, kisha wawarudishe viluwiluwi walikotoka. Nyuma ya makabati na fremu za milango watafute mayai ya mjusi kafiri, ambayo aghalabu hutagwa mawili mawili, na wayaangalie bila kuyabandua.

Onyo moja ni la lazima. Kuku huyageuza mayai yake kila siku, na wengi hudhani mayai yote yanafaa kugeuzwa. Kwa reptilia sivyo. Muda mfupi tu baada ya kutagwa, kiinitete cha mamba au kasa hujishikiza upande wa juu wa yai, na yai likigeuzwa hufa. Mtu anayefukua kiota cha kasa kwa udadisi, kisha akakifukia tena kwa nia njema, huenda amewaua wote mia moja. Aonapo kiota, na akiache kama kilivyo, awajulishe maofisa wa uvuvi au wa wanyamapori walio karibu naye.